Karate imeanza kukuboa? Njia nne za kubadili mazoezi, na ipi inakufaa wewe

Jioni moja nilisimama nje ya ukumbi wetu wa mazoezi, begi begani, nikiwasikia wenzangu ndani wakihesabu kwa Kijapani, "ichi, ni, san", na miguu ikagoma kuingia. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na shughuli iliyonisubiri. Ila nilijua kila kitu kitakachofanyika humo ndani, dakika kwa dakika: kuzunguka ukumbi mara kumi, pushapu, ngumi mia, mateke mia, kata ya Heian Shodan (mfuatano wa miondoko iliyopangwa) mpaka mwalimu aridhike, salamu, nyumbani. Nikageuka, nikanunua mishikaki miwili ya njiani, nikaenda zangu kulala.

Mwalimu yeyote wa karate, judo, taekwondo au ngumi anamjua mwanafunzi wa namna hiyo. Haagi. Anakosa Jumanne, halafu wiki, halafu unakutana naye stendi: "Shikamoo sensei, nipo, kazi tu zimebana." Mkanda wake umebaki kabatini, wa kijani, na utabaki wa kijani.

Dawa anayopewa kila mtu ni moja: badilisha mazoezi. Sawa, lakini kubadilisha nini? Kuna anayehamia ngumi, kuna anayejifunza kata mpya kila mwezi, kuna anayekimbilia ufukweni, na kuna anayepangua tu ratiba. Nimezipitia zote nne, baadhi kwa hasara. Hapa naziweka sambamba ili uchague kwa kujua unachonunua. Mifano mingi ni ya karate ya Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, kwa sababu ndiyo ninayoifanya. Wa judo au taekwondo atabadilisha majina, hesabu ni ileile.

Kabla ya kuchagua: umechoka wapi?

Uchovu huu una sura zaidi ya moja, na watu wengi hutibu ule wasionao.

Kuna mwili uliochoka ukajifanya umeboeka. Huyu mpe siku nne za kulala vizuri na kula, ya tano utamkuta anapiga mateke hewani jikoni. Hahitaji mchezo mpya, anahitaji kupumzika.

Kuna kichwa kilichochoka. Mwili uko tayari lakini akili imeshajua jibu la kila swali. Ukimpa kitu kisichotarajiwa, mshirika mgeni au sheria ya ajabu ya kupigana, anachangamka papo hapo.

Kuna aliyedumaa. Huyu ndiye mgumu. Anafika kila siku, anatoka jasho, lakini teke lake la mwaka huu ni lile la mwaka juzi. Anasema "inaboa", na maana yake ni "siendi popote". Ukimpa burudani tu utamfurahisha mwezi mmoja.

Na kuna aliyechoshwa na watu. Ukumbi una wanafunzi saba, anayefanana naye kimo ni mmoja, na kila wiki anapigana na huyohuyo mpaka anajua atakavyopumua. Hapo shida si karate kabisa.

Wazee wa mchezo watakuambia kuchoka ni sehemu ya mafunzo. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa akaifikisha Tokyo mwaka 1922, alisimulia jinsi mwalimu wake Azato alivyomrudishia kata ileile usiku baada ya usiku, na kwamba kata tatu za Tekki peke yake zilimchukua miaka kumi. Naiheshimu hadithi hiyo, ila naona watu huielewa nusu. Funakoshi alikuwa na mwalimu mmoja akimtazama yeye kwa karibu, na kila marudio yalikuwa na kosa jipya la kusahihishwa. Wewe umo katika mstari wa watu ishirini, hakuna anayekuona kisigino kikinyanyuka. Marudio yake na yako si kitu kimoja.

Njia nne kwa mtazamo wa haraka

| | Gharama | Ladha mpya hudumu | Inarudisha nini kwenye karate | Hatari |
|---|---|---|---|---|
| Kugeuza mazoezi yaleyale | Hakuna | Miaka, ukiwa mbunifu | Karibu yote | Ndogo |
| Kuongeza mchezo wa pili | Ada na vifaa | Miezi mitatu hadi sita | Inategemea mchezo | Kubwa kuliko zote |
| Mazoezi ya viungo nje ya ukumbi | Kamba, viatu, nauli | Wiki chache kwa kila kimoja | Pumzi na nguvu, si ufundi | Ya kati |
| Kupangua ratiba | Daftari | Haina ladha, ina matokeo | Mengi | Ndogo |

Muda niliouandika ni wa macho yangu, kwangu na kwa niliofundisha nao.

Kugeuza kilekile

Chukua Heian Shodan, kata ya kwanza ambayo kila mwenye mkanda wa njano anaijua usingizini. Ina hatua 21, kiai mbili (ule ukelele wa nguvu), na haifiki dakika moja. Kama imekuchosha, fanya hivi: simama ukitazama ukuta wa kushoto badala ya mbele, kisha uanze. Ni hilo tu. Utashangaa. Wengi hupotea pale pa kugeukia ngumi tatu za mwisho, kwa sababu kumbe walikuwa hawaifuati kata, walikuwa wanafuata dirisha na picha ya ukutani.

Ukishaweza hilo, ifanye kinyume, ukianza kwa kugeukia kulia mahali pa kushoto, kila mkono ukibadilishana na mwenzake. Wajapani huita hivyo ura. Mkono wa kushoto ambao kwa miaka umekuwa abiria utalazimika kuendesha. Halafu ifanye macho yakiwa yamefungwa, uone umeishia wapi, maana mstari wa kata hii ni kama herufi I kubwa na unatakiwa urudi ulipoanzia. Mimi mara ya kwanza niliishia mita mbili pembeni nikimsalimia kabati.

Kisha ivunje vipande. Miguu peke yake, mikono kiunoni: utaona kama zenkutsu dachi yako, ule mkao mrefu wa goti la mbele lililokunjwa, inapanda na kushuka mithili ya mtumbwi. Zile shuto uke nne za mwisho, kuzuia kwa ubavu wa kiganja, zirudie dakika tatu mfululizo ukiwa umeshuka chini kwenye kokutsu dachi, mkao wa uzito nyuma, bila kuinuka. Ifanye polepole kwa pumzi ndefu, ichukue dakika nne nzima. Mwisho, mwite mwenzako, ashambulie kweli, utafute kila hatua ina kazi gani. Pale kwenye hatua ya nne, mkono unapovutwa na kurudi kama nyundo, watu wengi hufanya mwaka mzima bila kujiuliza unavutwa kwa sababu gani. Mshike mwenzako kifundo cha mkono, mwambie ajitoe. Basi.

Kwenye kupigana ni vilevile. Badala ya "haya, piganeni", weka sheria ya kubana: mmoja ana mkono wa mbele tu, mwingine ana miguu tu. Mmoja mgongo umegusa ukuta na haruhusiwi kutoka kwa njia iliyonyooka. Au raundi ya sekunde 30, ambapo anayepata pointi ya kwanza anabaki na anayepoteza anatoka. Watu wasiopenda kumite, yaani kupigana na mwenzako, huishia kuomba raundi nyingine.

Tahadhari moja. Wengi wakisikia "badilisha kata" hukimbilia kujifunza kata mpya. Shotokan ina kata 26, na orodha ya Shirikisho la Karate Duniani inapita 100, kwa hiyo huwezi kuishiwa. Lakini kata mpya ni pipi. Inakupa utamu wiki tatu, wakati wa kukariri, na ikishakaririwa uko palepale ulipokuwa, ila sasa una kata mbili zinazoboa badala ya moja. Mwanamashindano anahitaji nyingi kwa sababu sheria za mashindano humlazimisha kubadilisha kata raundi hadi raundi. Wewe na mimi hatulazimishwi na mtu.

Njia hii inamfaa nani? Karibu kila mtu mwenye mwaka mmoja na kuendelea, na hasa aliyechoka kichwa. Kasoro yake ni kwamba inataka ubunifu, na ubunifu huo mara nyingi ni wa mwalimu. Kama mwalimu wako hataki ratiba yake iguswe, fanya nyumbani. Varanda inatosha.

Kuongeza mchezo wa pili

Hii ndiyo inayovutia vijana, na ndiyo iliyoniumiza. Nitaizungumza kwa kirefu.

Tuanze na judo. Karate hukufundisha kusimama, judo hukufundisha kuanguka, na kuanguka ni ujuzi utakaoutumia hata usipopigana tena: kwenye ngazi, kwenye bodaboda, bafuni ukiwa na miaka sabini. Mwezi wa kwanza wa judo karibu wote ni kuanguka: nyuma, pembeni, mbele kwa kuviringika, kidevu kifuani, mkono ukipiga mkeka. Mtu wa karate anatoka hapo akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho kabisa. Pia anajifunza kwamba mtu akishakushika kola, mateke yako mazuri yote yamekwisha. Zanzibar wana bahati, judo imeota mizizi huko tangu Mjapani Shimaoka Tsuyoshi alipohamia kisiwani akaanza kufundisha. Bara na Kenya itabidi uulizie, miji mikubwa inayo.

Usiende na gi yako ya karate. Kitambaa chake ni chepesi, kitachanika kola siku ya kwanza. Na usidhani unakimbia marudio. Judo ina uchikomi, kuingia kwenye mtupo bila kutupa, mara mia, mara mia mbili, mtupo uleule. Umeikimbia ngumi elfu, umekutana na nyonga elfu. Wanaoumia huumia vidole, magoti na mabega, na mara nyingi ni kwa sababu ya kukaza mkono wakati wa kuanguka.

Ngumi ni hadithi nyingine. Faida yake unaipata haraka: raundi za dakika tatu na pumziko la dakika moja zitakuonyesha kwamba pumzi uliyojivunia kwenye kata ni pumzi ya dakika moja. Utajifunza kusogeza kichwa, kukata kona, kupiga ngumi nne tano pale karate ilipokuzoesha moja na kusubiri. Na jimu za ngumi uswahilini zina uchangamfu wa aina yake, muziki, kelele, watazamaji mlangoni. Tangu Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomsimamisha Sam Eggington huko Birmingham Septemba 2018, kijana wa mtaani akisikia neno mazoezi anawaza glovu kwanza.

Lakini ngumi inadai kodi. Karate ya Shotokan inaurudisha mkono mmoja kiunoni kila unapopiga na mwingine. Ngumi inautaka mkono huo kwenye shavu. Miguu ya karate ni mirefu na imekaa chini, ya ngumi ni mifupi na iko juu kwenye vidole. Nilipofanya vyote viwili kwa nguvu sawa, siku nne kwa wiki, nilirudi kwenye mtihani wa mkanda nikiwa na mkono usiojua kwake ni wapi, kiunoni au shavuni. Mtahini hakunifokea. Aliandika tu kitu, akageukia wa pembeni. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nusura zinidondoke zote.

Na kuna kichwa. Kupiga begi na pedi hakuna shida. Kupigana kweli ulingoni kunamaanisha kupigwa kichwani mara nyingi, na hayo hayafanani na mguso wa kudhibitiwa wa mashindano ya karate. Ukipigwa ukaona giza, ukatapika, au kichwa kikauma mpaka kesho yake, nenda hospitali, na usirudi ulingoni mpaka daktari akuruhusu. Anayetaka tu kuondoa uchovu wa karate ana faida zote za ngumi kwenye begi, pedi na kamba. Hakuna ulazima wa kupigwa usoni ili Jumanne iwe tamu.

Taekwondo sitaikalia sana. Kwa mtu wa karate ni jirani mno: utapata mateke ya juu na ya kuzunguka mazuri, nyonga zitafunguka, lakini kichwa kilichochoka na mstari, hesabu na kata kitakutana na mstari, hesabu na poomsae, kata za taekwondo. Kama shida yako ni mateke yaliyodumaa, nenda. Kama ni kuchoka, hapana.

Ninyi mnaokaa Lamu au Pemba mmeona kirumbizi, watu wawili na fimbo, ngoma na zumari, mzunguko wa watu. Sikupeleki huko kama mchezo wa pili, ila siku moja mtazame yule mzee anayecheza vizuri. Umbali wake na mpinzani, anavyosubiri mpigo, anavyoingia. Ni somo la kumite, na kiingilio hakuna.

Kanuni yangu ya njia hii ni tatu kwa moja: siku tatu za mchezo wako, siku moja ya mgeni. Na uwe na miaka miwili angalau kwenye wa kwanza. Jambo la adabu pia: mwambie mwalimu wako kabla hujaenda. Usisubiri ayasikie kwa wengine. "Sensei, naomba ruhusa yako nikajifunze kuanguka kwa watu wa judo Jumamosi." Wengi wataridhia, wengine watakuelekeza kwa rafiki yao. Mwalimu akisikia kwa mtu kwamba umevaa mkanda mweupe mahali pengine, ataona umemtoroka, na hapo hutakosa mazoezi tu, utakosa mtu.

Viungo, nje ya ukumbi

Hapa bei ni ndogo na furaha ni ya haraka, lakini elewa unachopata: pumzi, nguvu, miguu. Ufundi haupati. Mtu hawezi kukimbia mpaka mawashi geri yake, teke la kuzunguka, ikanyooka.

Kamba ndiyo ningeichukua kwanza. Inaingia kwenye begi, inafanyika uwanjani kwenu, na inafundisha kifundo cha mguu kuwa chepesi. Raundi tatu za dakika tatu kwa wiki mbili, kisha tano. Ikikuboa, na itakuboa, badilisha mguu, ruka kwa kupiga goti juu, ruka ukirudi nyuma.

Kwa walio pwani, mchanga. Kukimbia kwenye mchanga mlaini kunakula nguvu takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Walipima hivyo watafiti wa Ubelgiji mwaka 1998. Ndiyo maana dakika kumi na tano za ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, zinatosha, hakuna haja ya saa nzima. Chagua mchanga kwa kuangalia maji. Maji yakiwa yametoka, ule ukanda mgumu wenye unyevu ni wa kukimbia na kufanya kata. Juu, kwenye mchanga mkavu unaozama, ni kwa hatua za kumite na mateke ya polepole. Ukianza na mkavu siku ya kwanza kwa pupa, kano ya kisigino itakukumbusha wiki nzima. Na mawe na vipande vya chupa vipo, kwa hiyo kagua eneo lako kabla ya kuvua viatu.

Walio mbali na bahari wana vilima. Mwanza hawana kisingizio, mji mzima ni mawe na mipando. Panda kwa kasi sekunde 30, shuka kwa kutembea, mara nane.

Kuna pia vile vipindi vya dakika nne watu wanavyoviita Tabata: sekunde 20 kazi, 10 kupumzika, mara nane. Vinafaa kwa mateke ya begi siku una haraka. Ila jina linatumika ovyo. Katika utafiti wa Izumi Tabata wa 1996 watu walikuwa kwenye baiskeli ya maabara wakisukumwa mpaka wasiweze tena. Ukimaliza "Tabata" yako huku unapiga stori, umefanya mazoezi mazuri, lakini si hayo.

Vikundi vya jogingi vya Jumapili asubuhi navipenda kwa sababu moja tu: watu. Yule aliyechoshwa na mshirika mmoja wa kumite mara nyingi anachohitaji ni nyuso nyingine. Japo dawa yake halisi ni kuomba kutembelea ukumbi mwingine wa mchezo uleule mara moja kwa mwezi. Haina gharama, na mgeni hupigwa vizuri.

Kupangua ratiba

Njia hii haipigiwi debe kwa sababu haina picha ya kupendeza. Mimi ndiyo naiona imebeba zote.

Kuna saa mbili mwilini mwako na hazitembei sawa. Ya kwanza ni ya ufundi. Hiyo inapenda kuchanganywa ndani ya kipindi kimoja. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan waliwapa watu mifuatano mitatu ya kusogeza mkono. Kundi moja lilifanya mfuatano wa kwanza mpaka ukaisha, kisha wa pili, kisha wa tatu. La pili lilichanganyiwa bila mpangilio. Wakati wa mazoezi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio walikumbuka. Kwetu maana yake ni hii: badala ya mae geri (teke la mbele) mia, kisha mawashi mia, kisha yoko (teke la pembeni) mia, mwenzako ataje kwa kushtukiza, tatu hizi, mbili zile. Utajiona mbovu siku hiyo. Vumilia. Isipokuwa mgeni kabisa, ambaye teke bado hajui linatokea wapi. Huyo mwache na moja kwanza.

Saa ya pili ni ya nguvu na pumzi. Hiyo haipendi kuchanganywa ovyo. Misuli inajengwa na kazi ileile inayoongezeka kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Anayebadilisha kila wiki, leo vyuma, kesho kuogelea, keshokutwa vilima, anafurahi sana na haongezeki. Ipe kazi moja wiki nne hadi sita, ya mwisho iwe nyepesi, ndipo ubadilishe.

Halafu kuna uzito wa wiki yenyewe. Carl Foster, mtaalamu wa michezo wa Marekani, alipendekeza mwaka 1998 hesabu ambayo hata simu yako inaiweza. Kila siku zidisha dakika za mazoezi kwa ugumu ulioupa mwenyewe, 0 hadi 10. Kisha gawanya wastani wa siku zote saba kwa mtawanyiko wa siku hizo, ile fomula ya STDEV kwenye programu ya majedwali. Jibu ni kipimo cha wiki kufanana. Likivuka 2, uchovu na magonjwa madogomadogo huanza kunyemelea.

Tazama wiki mbili. Ya kwanza, siku sita za dakika 60 kwa ugumu wa 6, Jumapili hakuna: 360 mara sita, jumla 2,160. Jibu ni kama 2.3. Ya pili, 540, 180, 600, 120, 540, 180, na sifuri. Jumla ni 2,160 ileile. Jibu ni kama 1.3. Jasho ni lilelile kwa kiasi, ila wiki ya pili ina mlima na bonde, na mtu anayeishi kwenye wiki hiyo hafiki Alhamisi akiwa maiti. Sehemu kubwa ya "kuboeka" ninayoiona ni wiki ya kwanza, iliyorudiwa miaka mitatu.

Wajapani wenyewe hawafanyi mwaka mzima sawasawa. Kodokan ya Tokyo, makao ya judo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, ina kangeiko, mazoezi ya alfajiri katika baridi ya Januari, na mengine ya msimu wa joto. Sisi wa pwani tunapewa badiliko kama hilo bure kila mwaka, Ramadhani, na tunalipoteza kwa kufunga ukumbi. Usiukimbie mwezi huo. Saa moja kabla ya futari ni nzuri kwa kata polepole na kunyoosha viungo. Baada ya tarawehe, pedi na mbinu. Kumite nzito isubiri Shawwal.

Ningekuchagulia nini

Kama una chini ya mwaka: usiguse mchezo wa pili, wala kata isiyo ya mkanda wako. Chukua kamba nyumbani na wiki yenye mlima na bonde. Bado hujaboeka na karate, umeboeka na kutoiweza, na hilo linakwisha.

Kama una mtihani wa mkanda ndani ya miezi mitatu: njia ya kwanza peke yake. Geuza kata yako kwa kila namna, lakini siku mbili kabla ya mtihani irudishe ilivyo, usije ukaingia na ura mbele ya jopo.

Kama umedumaa, una mkanda wa kahawia na miaka inapita: judo siku moja kwa wiki, kwa miezi sita, kwa ruhusa. Ukishindwa judo, ngumi ya begi na pedi. Hii ndiyo hali pekee ambayo napendekeza njia ya pili kwa moyo mmoja.

Kama umevuka arobaini: ratiba kwanza, kisha kuogelea au kilima, na kuanguka kwa judo bila kutupwa na vijana wenye hamasa. Mchanga mkavu kwa tahadhari.

Kama unamchagulia mtoto, sahau karibu yote haya. Mtoto anataka mchezo wa kukimbizana wenye teke ndani yake, na kila kipindi kiishe kabla hajachoka.

Chochote utakachochagua, kipe wiki sita, na chukua daftari la shule. Andika mambo mawili tu kila unaporudi: ulikuwa na hamu kiasi gani ulipokuwa unafunga mkanda, na kitu gani kimoja ulikiweza ambacho wiki iliyopita hukukiweza. Ukurasa ukijaa hamu na safu ya pili ikabaki tupu, umenunua pipi. Ukijaa ya pili na hamu ikabaki ndogo, ongeza siku ya kupumzika kabla ya kubadilisha kingine chochote.

Langu la sasa hivi liko hivi: Jumatatu kata ya kugeuza, Jumatano kumite za sheria za kubana, Ijumaa kamba varandani, Jumamosi ufukweni maji yakiwa yametoka. Alhamisi nafua gi.